Nguvu ya Majani na Sauti Isiyosikika

Siku hizi chupa ndogo zinauzwa sokoni, mbele ya makanisa, hata karibu na mlango wa hospitali. Ndani yake mna maji ya kahawia au ya rangi ya majani. Muuzaji husema: "Hii si dawa ya majani kama ile ya babu zenu. Hii imetolewa kwa mashine ya ultrasoni. Ina antioksidanti nyingi. Inaponya sukari, tansio, kansere na kifua kikuu." Maneno hayo ni makubwa, na watu wengi hawajui maana yake. Asiyejua maana hawezi kuuliza, na asiyeuliza hununua.

Kwa hiyo katika somo hili tutaeleza mambo matatu. La kwanza, antioksidanti ni kitu gani. La pili, namna gani sauti inaweza kukitoa kitu hicho katika majani. La tatu, chupa ya namna hiyo yaweza kufanya nini katika mwili wa mgonjwa, na nini haiwezi. Ujue tangu mwanzo ya kuwa kazi ya sauti hiyo ni ya kweli, si uongo. Lakini kutoa kitu katika jani ni kazi moja, na kuponya mtu ni kazi nyingine. Neno hilo ndilo shina la somo lote.

1. KUTU YA JEMBE NA WEUSI WA AVOKA

Jembe likiachwa penye umande hushika kutu. Avoka ikikatwa na kuachwa mezani, nyama yake hugeuka kuwa nyeusi. Mafuta yakikaa muda mrefu huanza kunuka. Mambo hayo matatu hayafanani kwa macho, lakini katika yote mna mkono wa kitu kimoja, nacho ni oksijeni. Oksijeni ni sehemu ya hewa tunayovuta, kadiri ya sehemu 21 katika 100. Bila hiyo mtu hufa katika dakika chache. Lakini kitu hicho hicho kinachotupa uzima kinaharibu pia.

Ndani ya mwili, chakula huunguzwa polepole kwa oksijeni ili tupate nguvu na joto. Mama anayepika anajua ya kuwa moto mzuri wa jikoni hutoa cheche, na cheche moja yaweza kutoboa kikwembe. Vivyo hivyo moto wa mwili hutoa cheche zake. Wataalamu huziita radikali huru. Ni vipande vidogo mno, na kila kimoja kimepungukiwa na sehemu yake, basi hunyang'anya sehemu hiyo kwa jirani. Jirani aliyenyang'anywa naye hugeuka kuwa mnyang'anyi, na shauri linaendelea kutoka mmoja hata mwingine. Moshi wa tumbaku huongeza cheche hizo nyingi sana.

Antioksidanti ni kitu kinachokubali kutoa sehemu yake ili kumtuliza mnyang'anyi, wala chenyewe hakigeuki kuwa mnyang'anyi mkali. Hapo mnyororo hukatika. Unaweza kuona kazi hiyo nyumbani kwako. Kata avoka katikati. Nusu moja uipake maji ya ndimu, nusu nyingine uiache hivi hivi. Baada ya masaa machache utaona ya kuwa ile yenye ndimu haikugeuka upesi. Ukali wa ndimu na vitamini C iliyomo vimeilinda.

Mwili wetu hujitengenezea walinzi wake wengi, na wengine huwapata katika chakula. Mimea nayo ina walinzi, maana mti hauwezi kukimbilia kivuli jua linapowaka. Rangi nyekundu ya mawese, ambayo ni karoteni, ni mmoja wao. Wengine wamo katika wekundu wa ngai-ngai, katika uchungu wa majani fulani, na katika majani mengine yenye harufu kali. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Marekani, Denham Harman, aliandika ya kuwa labda hata uzee wa mwili unatokana na cheche hizo. Baada yake watu wengi wakaanza kutafuta antioksidanti katika mimea ya kila namna.

2. JANI NI NYUMBA YENYE VYUMBA VINGI

Kwa nini mama hutwanga sombe kabla ya kuipika? Jani limejengwa kwa vyumba vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Huitwa seli. Kila seli ina ukuta mgumu, na vitu vingi vya jani vimefungiwa ndani ya kuta hizo. Ukilitia jani zima katika maji baridi, vitu vichache tu hutoka. Mchi ukipiga, kuta huvunjika, na vilivyo ndani hutoka. Ndiyo sababu hata ngazi za mawese huchemshwa, hutwangwa, kisha hukamuliwa.

Wazee wetu na mafundi wa dawa wa nchi zote wametumia njia tatu za zamani: kutwanga, kulowesha na kuchemsha. Kila njia ina upungufu wake. Kutwanga huacha vyumba vingi bila kuvunjika. Kulowesha huchukua masaa mengi, hata siku nyingi, na majani yaliyolowa katika maji matupu yaweza kuoza. Kuchemsha ni upesi, lakini vitu vingine huharibika kwa moto.

Habari moja ya China inaonyesha jambo hilo vizuri. Mama Tu Youyou na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya malaria katika mmea uitwao artemisia. Dawa waliyoitoa mara ilifanya kazi, mara haikufanya. Ndipo akasoma katika kitabu cha kale cha munganga Ge Hong ya kuwa mmea huo ulowekwe katika maji na kukamuliwa. Hapakutajwa kuchemsha. Akafahamu ya kuwa huenda moto ndio uliokuwa ukiharibu kitu chenyewe. Mwaka 1971 akatumia etha, maji makali yanayochemka kwa digrii 35 tu, na dawa iliyotoka iliua vimelea vya malaria katika panya na nyani. Mwaka 2015 alipewa tuzo la Nobel kwa kazi hiyo.

Lakini mtu asiseme ya kuwa moto ni adui siku zote. Sombe ina sumu ya sianidi. Ni lazima itwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunika, ili sumu itoke. Kwa sombe moto ni rafiki. Kila jani lina sheria yake, na mtu asiyeijua asijaribu kwa mwili wa mtoto wake.

3. SAUTI ISIYOSIKIKA

Ngoma ikipigwa, ngozi yake hutetemeka. Hewa hutetemeka pamoja nayo, na mtetemo huo ukifika sikioni tunasema tumesikia sauti. Ngoma kubwa hutetemeka mara chache kwa sekunde, na sauti yake ni nene. Filimbi hutetemeka mara nyingi zaidi, na sauti yake ni nyembamba. Sikio la mtu husikia kuanzia mara 20 hata mara 20,000 kwa sekunde. Juu ya hapo sauti ipo, lakini sisi hatuisikii. Sauti hiyo ndiyo ultrasoni. Popo huitumia usiku. Hulia, sauti hupiga ukuta au mdudu na kumrudia, naye akajua njia.

Watu walipataje kuitengeneza? Mwaka 1880, kule Ufaransa, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waliona ya kuwa mawe fulani, kama kwatsi, yakikandamizwa hutoa umeme. Baadaye wakaonyesha kinyume chake: yakitiwa umeme hubadilika kidogo umbo, na kwa njia hiyo yaweza kutetemeshwa upesi sana. Katika vita vikuu vya kwanza, mwaka 1917, Paul Langevin alitumia mawe hayo kutuma sauti chini ya bahari ili kutafuta meli za adui zilizojificha majini. Mwaka 1927 Wamarekani wawili, Robert Wood na Alfred Loomis, waliandika ya kuwa sauti hiyo ikitiwa kwa nguvu nyingi katika maji huua samaki wadogo na vyura, na kuvunja seli nyekundu za damu. Hapo ilijulikana ya kuwa sauti yaweza kuvunja kuta za vyumba vidogo.

Huvunjaje? Sauti inapopita katika maji husukuma na kuvuta, husukuma na kuvuta, maelfu ya mara kwa sekunde. Inapovuta kwa nguvu, vipovu vidogo vidogo hutokea. Vipovu hivyo hukua kidogo, kisha hubonyea kwa ghafula. Ndani ya kipovu, kwa nukta ndogo sana ya wakati, joto hufika maelfu ya digrii. Lakini kipovu ni kidogo mno na wakati ni mfupi mno, hata maji ya chombo chote yaweza kukaa baridi ikiwa yanapozwa. Kipovu kikibonyea karibu na jani, hurusha mshipa wa maji kama sindano, nao hupiga ukuta wa seli. Ukuta huvunjika, maji huingia, na vitu vilivyofungwa hutoka.

Basi ultrasoni ni kama kinu chenye maelfu ya michi isiyoonekana. Kazi ni ile ile ya mama mwenye sombe. Tofauti ni ya kuwa michi hii ni midogo kuliko chembe ya vumbi, na haichoki.

4. MFANO WA ROSMARI

Tuchukue mmea mmoja ili kuona kazi yenyewe. Rosmari, ambayo wasemao Kifaransa huiita romarin, ni kichaka kidogo chenye majani membamba na harufu nzuri. Asili yake ni nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania. Majani yake yana walinzi wawili wanaojulikana sana: asidi ya karnosiki na asidi ya rosmariniki. Viwanda vya chakula hutia dawa ya rosmari katika mafuta na nyama ili visiharibike upesi. Katika nchi za Ulaya imeruhusiwa, nayo huandikwa kwenye chakula kwa namba E 392.

Katika laboratwari kazi hufanywa hivi:

Kwanza, majani husafishwa, hukaushwa na kusagwa kuwa unga.

Pili, unga hupimwa kwa mizani, na kutiwa katika kiasi kilichopimwa cha alkoli safi, au alkoli iliyochanganywa na maji.

Tatu, chombo huwekwa ndani ya beseni la ultrasoni, au fimbo ya chuma inayotetemeka hutumbukizwa ndani yake. Mara nyingi mtetemo ni kati ya mara 20,000 na 40,000 kwa sekunde.

Nne, maji baridi huzungushwa nje ya chombo, maana sauti hutia joto.

Tano, baada ya muda uliowekwa, mara nyingi dakika 10 hata 30, mashine huzimwa. Kulowesha tu kungaliweza kuchukua masaa mengi au siku.

Sita, maji hayo huchujwa. Alkoli huondolewa kwa joto dogo, na kinachobaki ni kitu kizito chenye rangi na harufu.

Saba, kitu hicho hupimwa ili kujua mna miligramu ngapi za kila mlinzi.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza, waliandika habari za kazi hiyo. Walijaribu maji makali ya namna tatu, pamoja na sauti na bila sauti. Waliona ya kuwa sauti ilitoa asidi ya karnosiki nyingi zaidi, tena kwa muda mfupi zaidi. Waliona pia ya kuwa alkoli ya kawaida, ambayo bila sauti ilikuwa nyuma ya yale mengine mawili, kwa msaada wa sauti iliyafikia. Hiyo ni faida kweli, maana alkoli hiyo haina hatari kubwa kama maji mengine ya kiwandani.

Lakini sauti nayo ina kiasi chake. Ikizidi nguvu au ikikaa sana, huvunja hata maji yenyewe na kuzaa radikali mpya. Hapo mtu aliyetafuta walinzi anajitengenezea wanyang'anyi. Tena sauti haichagui. Hutoa kitu chema na sumu pamoja, ikiwa vyote viwili vimo katika jani. Mmea wenye sumu ukitiwa katika mashine nzuri, hutoka sumu yenye nguvu zaidi.

5. MILANGO MINNE YA DAWA

Katika milima ya Kivu kuna mashamba ya miti ya kinini. Watu wa Amerika ya Kusini waliitumia ganda la mti huo kwa homa zamani sana. Lakini ganda moja lilikuwa na dawa nyingi, na lingine kidogo. Mgonjwa mmoja alipona, mwingine alikufa, na mwingine masikio yake yalipiga kelele kwa sababu alikunywa kupita kiasi. Mwaka 1820, kule Paris, Pelletier na Caventou walikitoa kinini chenyewe katika ganda. Ndipo kikaweza kupimwa kwa mizani, na munganga akaweza kusema: mtu wa kilo kadha wa kadha, miligramu kadha wa kadha.

Katika habari hiyo tunaona ya kuwa kitu cha mmea hupita milango minne kabla ya kuitwa dawa:

Mlango wa kwanza: kitolewe katika mmea.
Mlango wa pili: kipimwe, ili kila kidonge au kila kijiko kiwe na kiasi kile kile.
Mlango wa tatu: kichunguzwe kama kina sumu, na kwa kiasi gani.
Mlango wa nne: kijaribiwe kwa wagonjwa wengi, wengine wakipewa dawa hiyo na wengine wakipewa nyingine, na hesabu ya waliopona ilinganishwe.

Mashine ya ultrasoni inafungua mlango wa kwanza tu. Inaufungua vizuri na upesi. Lakini ile milango mitatu haiigusi. Muuzaji anayesema, "Imetolewa kwa ultrasoni," ametuonyesha mlango mmoja, naye anadai bei ya milango minne.

6. KIPIMO CHA CHUPA SI KIPIMO CHA MWILI

Muuzaji mwingine atasema: "Lakini laboratwari imepima, na nguvu yake ni kubwa." Yaweza kuwa kweli. Kuna kipimo kilichoandikwa na Marsden Blois mwaka 1958. Huchukuliwa maji ya rangi ya zambarau yenye radikali, na dawa ya majani hutiwa ndani. Ikiwa ina antioksidanti, zambarau hufifia na kuwa manjano. Ni kipimo kizuri na cha upesi. Lakini kimefanywa katika kioo. Kioo hakina tumbo, hakina ini, hakina damu. Kitu kilichofanya kazi katika kioo, kikimezwa, chaweza kuvunjwa tumboni, au kisiingie katika damu ila kidogo sana, au kibadilishwe na ini kuwa kitu kingine. Wizara ya kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula kwa nguvu ya antioksidanti zake iliyopimwa katika kioo. Mwaka 2012 iliiondoa orodha hiyo, kwa sababu hesabu zake hazikuonyesha faida katika mwili wa mtu, na wafanya biashara walikuwa wakizitumia vibaya.

Sasa tazama yaliyotokea mlango wa nne ulipobishwa. Kule Finland wanaume 29,133 wavutao tumbaku waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa kila siku kidonge cha betakaroteni, miligramu 20, ambayo ni antioksidanti. Watu walitumaini ya kuwa kansere ya mapafu itapungua. Mwaka 1994 hesabu ilitolewa: waliopewa betakaroteni walipata kansere ya mapafu zaidi ya wengine, kwa 18 katika mia. Marekani nao walikuwa wakijaribu betakaroteni pamoja na vitamini A kwa watu 18,314, wavuta tumbaku na watu waliofanya kazi penye vumbi la amianti. Januari 1996 waliacha kabla ya wakati, kwa kuwa kansere ilizidi kwa 28 katika mia.

Je, hayo yanatufundisha kuogopa mawese na maembe? Hapana. Karoteni ya chakula huja kidogo kidogo pamoja na vitu vingine vingi, na watoto wetu wanaihitaji kwa macho yao. Yanatufundisha ya kuwa kitu chema katika chakula, kikikusanywa kwa wingi katika kidonge au chupa, chaweza kuleta madhara ambayo hakuna aliyeyafikiri. Wataalamu wenyewe walidhani watasaidia. Hesabu ndiyo iliyowaonyesha.

7. MAULIZO YA WAGONJWA

Haya ni maulizo tunayoyasikia mara nyingi katika hospitali, pamoja na majibu yake.

Mzee wa kifua kikuu auliza: "Mwalimu, nimemeza vidonge miezi miwili. Kikohozi kimekwisha, na nguvu zimerudi. Je, niache vidonge, nimalize na chupa hii?"

Jibu: Hapana, Baba. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita. Miezi miwili imeua mikrobe nyingi, lakini wamebaki wachache wagumu. Ukiacha sasa, hao watazaa, na huenda vidonge visiwaweze tena. Nawe utawaambukiza wajukuu wako wanaolala karibu nawe. Hakuna antioksidanti inayoua mikrobe wa kifua kikuu katika mapafu ya mtu.

Mama wa sukari auliza: "Naweza kupunguza sindano ya insulini nikinywa maji ya majani?"

Jibu: Usipunguze hata kidogo bila kupimwa na kuambiwa na munganga. Mgonjwa ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiiacha, aweza kufa katika siku chache. Na ikiwa umeanza kunywa majani yo yote, utuambie bila haya. Majani mengine hushusha sukari, na pamoja na dawa yaweza kuishusha mno. Hatutakugombeza.

Mama mwenye mimba auliza: "Ikiwa ultrasoni inavunja majani, je, ekografi haitamvunja mtoto tumboni?"

Jibu: Ulizo hili ni la busara, Mama. Sauti ni za ukoo mmoja, lakini kazi ni mbalimbali. Mashine ya majani hutumia mtetemo wa maelfu ya mara kwa sekunde kwa nguvu nyingi, ili vipovu vitokee. Ekografi hutumia mtetemo wa mamilioni ya mara kwa sekunde, kwa nguvu ndogo na kwa vipindi vifupi mno, ili isikilize tu mwangwi, kama popo. Munganga Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliandika habari za kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1958, na tangu wakati huo imetumika kwa akina mama wengi sana duniani. Ikifanywa na mtu aliyefundishwa, na kwa sababu ya matibabu, usiogope.

Mama mwingine auliza: "Mtoto wangu ana homa. Nimpe chai ya artemisia?"

Jibu: Mlete hospitalini siku ile ile apimwe damu. Dawa za malaria tunazozitoa zimetoka katika artemisia kweli, lakini zimepita milango minne, tena zimeunganishwa na dawa ya pili. Chai haina kiasi kinachojulikana. Yaweza kupunguza homa kidogo na kuacha vimelea hai. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) halikubali artemisia ya chai au ya unga kwa kutibu au kuzuia malaria. Mtoto mdogo aweza kuzidiwa na malaria kwa usiku mmoja.

Kijana auliza: "Naweza kutengeneza dawa hiyo mwenyewe kwa mashine ndogo ya kusafishia miwani, na lutuku?"

Jibu: Usifanye hivyo. Pombe ya kienyeji yaweza kuwa na metanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Mvuke wa alkoli hushika moto upesi karibu na umeme. Na hata ukifaulu kutoa kitu, huna mizani wala kipimo cha kujua ni nini umetoa.

Mzee auliza: "Basi, tusinywe tena chai ya majani?"

Jibu: Chai ya mchaichai au ya tangawizi ni kinywaji chema kwa mtu mzima asiyekatazwa na munganga. Uinywe kama kinywaji, si mahali pa dawa yako. Na walinzi wa mwili wamo katika shamba lako kwa bei ndogo: lengalenga, mapera, maembe, papai, ndimu, maharagwe, na mawese mekundu. Usiyachome mawese hata wekundu wote utoke, maana karoteni huharibika. Lengalenga usizichemshe mno, wala usimwage maji yake. Tena anayeacha tumbaku amezima cheche nyingi kuliko zinazoweza kuzimwa na chupa yo yote.

8. MAMBO YA KUMWULIZA MUUZAJI

Ukiletewa chupa, uliza haya manne, moja kwa kila mlango:

1. Mna mmea gani ndani, na umetolewa kwa maji gani?
2. Kijiko kimoja kina miligramu ngapi, na kila chupa ina kiasi kile kile?
3. Nani amechunguza kama ina sumu kwa mama mwenye mimba, kwa mtoto, na kwa mtu anayemeza dawa nyingine?
4. Imejaribiwa kwa wagonjwa wangapi wenye ugonjwa huu wangu, na waliopona walilinganishwa na nani?

Akijibu la kwanza tu, amejibu ulizo la kinu na mchi. Muuzaji akiwa ndugu wa kanisa au mtu wa ukoo wako, umwulize vilevile. Kuuliza si kumdharau. Na akisema uache vidonge vya hospitali ili chupa yake ifanye kazi, usiendelee na mazungumzo. Uchukue chupa hiyo, uilete kwetu pamoja na vidonge vyako, tuitazame pamoja.